Kesi Yetu Ilikuwa ya Kwanza

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yule aliyetuvusha mito na mipaka mpaka hapa Brooklyn Center. Kiongozi wa kwaya, nakuona. Mtu akizidisha ushuhuda huwa unaanza kuimba pole pole mpaka akae. Leo nakuomba usinikate. Nilishakatwa mahali pengine, na ndiyo habari yenyewe.

Sitataja jina la mtu. Si kwamba naogopa, nimechoka kuogopa. Ni kwamba majina mengine nikiyataja humu ndani yananiharibia sala.

Mnakumbuka gitaa la solo la kwaya hii alikuwa anapiga nani. Mume wangu. Alijifunza kule kambi ya wakimbizi, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Hapa alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala kule Savage, na Jumapili akishika gitaa, hata wamama wa Kenya, wale wanaojifanya hawachezi, walikuwa wanatoka kwenye viti. Msicheke, mnajijua.

Jumamosi moja asubuhi nimeweka sombe, majani yetu ya muhogo, motoni, mlango ukavunjwa. Polisi walikuwa wanamtafuta mtu aliyekaa kwenye ile apatimenti kabla yetu. Walimlaza mume wangu kifudifudi, wakamfunga pingu mikono nyuma. Ndugu zangu, hapo peke yake ningesamehe, mtu anaweza kukosea mlango. Lakini waliangalia kitambulisho chake, wakaangalia picha ya yule wanayemtafuta, na askari mmoja akamwambia mwenzake si huyu. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa. Na bado hawakumfungua. Mume wangu akalia, "Mkono, mkono," kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa. Binti yetu mkubwa akawatafsiria kwa Kiingereza safi cha shule. Wakamwambia anyamaze. Wakapekua kabati, magodoro, mpaka sombe ikaungua, ndipo wakafungua zile pingu na kuondoka.

Daktari alisema mishipa ya fahamu imekufa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki tena. Ninyi mnaopiga gitaa mnajua mkono wa kushoto unafanya kazi gani.

Tangu siku ile nikawa nasukuma kabati nyuma ya mlango kila tukiingia ndani, hata jua likiwaka. Watoto wakirudi shule wanabisha, mimi nauliza nani mara tatu ndipo nasogeza kabati. Mume wangu akaacha kuja kanisani. Aliniambia, "Askari tulikimbia kule, tukawakuta huku. Sasa tutakimbilia wapi?"

Kuna dada yetu humu, muuguzi, anafanya kazi Eden Prairie. Yeye ndiye alinichukua kwa gari lake mpaka kwa wakili. Mume wangu alikataa. Akaniuliza, "Serikali inashitakiwaka?" Nikamwambia hapa inashitakiwa. Wakati ule nilikuwa nakariri maswali ya uraia, nikiwa naosha vyombo nasema katiba ndiyo sheria kuu ya nchi. Niliamini. Msinicheke, niliamini kabisa.

Hakimu wa kwanza akasema kesi yetu ina maana, raia wa kawaida waketi watusikilize na waamue. Tulishangilia. Kumbe upande wa polisi wana ruhusa ya kupanda juu kabla hata hatujasikilizwa, kwenye mahakama ya rufaa. Mahakama ile ina majimbo kadhaa chini yake. Ikitamka neno, mahakimu wa huko chini wanalifuata.

Basi nikajiandaa. Mnakumbuka, wamama, nilifanya mazoezi ya kusema mbele yenu kila Alhamisi. Mlinirekebisha: usilie mapema, sema habari ya sombe, onyesha mkono wako uwe kama mkono wake. Mkashona sare ya kitenge. Tukajaza gari la kanisa mpaka mahakamani Saint Paul, tunaimba njia nzima. Tulidhani mahakama ni kama hapa, kwamba mtu mwenye jambo anapewa nafasi anasimama.

Pale mlangoni binti yangu akanishika mkono. "Mama, hauta-talk. Hakuna mtu anata-talk. Ni ma-lawyer tu." Wakili alikuwa amenieleza kwenye simu, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia vitu tusivyovielewa.

Majaji walikuwa watatu. Mbele ya wakili kuna taa ndogo, ya kijani, ya manjano, na nyekundu. Ikiwaka nyekundu, umekwisha. Hawakuuliza habari ya mkono. Hawakuuliza habari ya binti yangu kuambiwa anyamaze. Jaji mmoja, mama mwenye sauti ya upole, akauliza: je, kabla ya siku hiyo, kuna kesi yoyote ambayo mahakama hii iliwaambia polisi kwamba kumwacha mtu kwenye pingu za kuumiza baada ya kujua si yeye ni kosa? Wakili wetu akataja moja, wakasema hiyo haifanani. Akataja nyingine, nayo haifanani. Taa ikawaka nyekundu.

Nilitaka kusimama. Mama mmoja kati yenu alinivuta kitenge nikakaa. Alifanya vizuri, lakini nilimchukia siku ile.

Hukumu ilipotoka, binti yangu alinisomea jikoni. Majaji walisema, ndiyo, alichotendewa mtu huyu kimevunja katiba. Nikapiga kigelegele. Akasema, "Mama, wait." Kuna sehemu ya pili. Walisema kwa kuwa hapakuwa na hukumu ya zamani iliyowaambia askari wazi, askari hawawezi kushtakiwa. Kesi imefungwa. Lakini kuanzia leo, askari wote wa majimbo haya wajue.

Yaani walikubali tumeumizwa, na kosa letu ni kuwa wa kwanza kuumizwa hivyo mbele yao. Nawaambia ukweli, pale nilianguka. Niliacha kwaya. Niliacha maombi. Mkija kunitembelea nilikuwa nawasikia mkibisha, na kabati liko mlangoni, na mimi nimekaa sakafuni kimya nangoja muondoke. Hata Mungu nilimwona kama wale majaji, anajua kila kitu na hafungui pingu.

Nilikaa hivyo muda mrefu. Halafu wakili akapiga simu. Katika jimbo jingine chini ya mahakama ileile, mama mmoja, hatumjui, si wa kabila letu wala lugha yetu, alifanyiwa vilevile. Walikosea nyumba, wakamfunga pingu, wakajua si yeye, na bado wakamwacha nazo mikononi. Polisi wakasema hawakujua kama ni kosa. Majaji wakawajibu: mlijua, tuliwaambia, na wakataja kesi kwa jina la ukoo wetu. Kesi ya yule mama inaendelea. Raia watakaa wamsikilize, na yeye atasimama aseme.

Nilikwenda kumwambia mume wangu. Alikuwa anakanda vile vidole. Halafu akauliza, "Mikono ya ule mama ilipona?"

Niliuliza. Haikupona.

Nililia, wapendwa, lakini nilipomaliza kulia nilirudisha kabati mahali pake. Halijarudi mlangoni.

Nawashukuru wamama wa sare, hata aliyenivuta kitenge. Namshukuru dada muuguzi, na wakili aliyeshindwa na hakutukimbia. Namshukuru binti yangu, aliyeambiwa anyamaze na hakunyamaza. Na mume wangu, ambaye leo amekaa kiti cha nyuma kabisa. Tafadhali msigeuke kumwangalia, mtamfukuza.

Funzo langu ni dogo. Ukiumizwa, sema, hata kama utashindwa. Anayekuja nyuma yako atahitaji kuwe na mtu aliyesema kabla yake. Sikuambii kwamba utapona.

Kiongozi wa kwaya, sasa unaweza kuanza, nimemaliza kabla ya taa nyekundu. Ila naomba kitu. Miaka hii pale pa solo mmekuwa mnapajaza na kinanda, na mimi nilikuwa naumia na sikusema. Leo msipige kitu pale. Paacheni wazi, wote tupasikie, halafu tuendelee.