Tsai A-luan na Karabai Yenye Jina la Mwanamke Mwingine

Huyu tunayemsindikiza leo, Bi Tsai A-luan, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1936 katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Tuku, wilaya ya Yunlin. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Tsai Huo-shan, mkulima wa karanga na vitunguu saumu. Kabla hajafariki aliwaonya wanawe: “Mkinisomea wasifu wa mtu mpole, watu watadhani wamekosea msiba. Semeni nilikuwa na wivu.” Wasifu huu umeandikwa kwa kutii agizo hilo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1943 akifundishwa kwa Kijapani. Vita vilipokwisha akaanza upya kwa Kichina, akamaliza mwaka 1950. Alipenda kusimulia kwamba alichapwa kwa lugha mbili na fimbo zilikuwa zilezile. Baada ya hapo alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha kukamua mafuta ya karanga, akiwa mwepesi wa mikono kuliko wote katika safu yake.

Tarehe 6 Januari 1957 aliolewa na Bwana Wu Ching-shui, muuza supu ya ngisi aliyefuata maonyesho ya vikaragosi kwenye viwanja vya mahekalu. Pamoja na mume alipokea sufuria mbili, mkokoteni, na karabai moja ya shaba. Chini ya kitako cha karabai hiyo palichorwa kwa ncha ya msumari jina “Yun”. Haikumchukua wiki kujua habari yake. Yun alikuwa Hsu Pi-yun, binti wa duka la taa mjini Beigang, aliyekuwa mchumba wa Ching-shui hadi uchumba ulipovunjika. Karabai ilikuwa zawadi yake.

Kwa miaka minne marehemu alimtazama mumewe akiisugua shaba ile kila alasiri kwa majivu na ganda la chungwa, huku akiimba polepole. “Mgongo wangu hajawahi kuusugua hivyo,” alimwambia wifi yake. Wifi akacheka. Yeye hakucheka.

Mwanzoni mwa Mei 1961 Ching-shui aliitwa kwenye mafunzo ya siku tano ya askari wa akiba. Siku ya pili akapita mnunuzi wa vyuma chakavu. Marehemu aliishusha karabai, akaifungua kipande kimoja kimoja ili auze shaba na kutupa kilichobaki. Ikatoka pampu, ngozi yake, bomba la mvuke, sindano ya kuzibulia, kioo, kofia. Vipande kumi na tisa vikajaa ungo.

“Shemeji, hii ni taa nzima,” mnunuzi alishangaa. “Ching-shui ataniua.”

“Nunua, au nenda zako.”

“Sikukuu ya Mazu ni keshokutwa jioni. Mtauza supu gizani?”

Hapo akili ikamrudia. Sikukuu ile ya mungu wa kike wa bahari ndiyo iliyowalisha nusu ya mwaka. Alimfukuza mnunuzi, akaanza kuunganisha. Alipowasha, moto uliruka hadi kwenye nywele za paji la uso, mafuta yakachuruzika mezani, na chumba kikajaa moshi mweusi. Mafundi wa Tuku wote hawakuijua taa ya aina ile. Asubuhi iliyofuata alivitia vipande kwenye gunia la unga, akapanda baiskeli hadi Beigang, kwenye duka ambalo kwa miaka minne alikuwa akilikwepa hata kwa kuzunguka barabara mbili.

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza alichungulia ndani ya gunia, kisha akamtazama paji la uso.

“Wewe ni mke wa Ching-shui.”

“Ndiyo. Na wewe ndiye unayeandika majina kwenye taa za watu.”

“Keti, dada. Umeniletea taa, au umeniletea ugomvi?”

“Vyote viwili. Anza na taa.”

Pi-yun hakuitengeneza. Alimsukumia vifaa, akamwelekeza. Ngozi ya pampu iliyokauka wakailoweka mafuta hadi ikalainika na kutanuka. Sindano iliyopinda wakainyoosha juu ya chuma. Masizi yakakwanguliwa ndani ya bomba, pete ya madini ya risasi iliyopotea ikabadilishwa, kisoksi kipya cha kutolea mwanga kikafungwa na kuchomwa mpaka kikabaki jivu jeupe. Kisha spiriti kidogo ya kupasha bomba, na subira. Marehemu alipopiga pampu, karabai ikavuma na kumeremeta hata mchana ule.

“Jina uliliandika wewe?” aliuliza.

“Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alitaka mkwe wa kuhamia kwetu, na Ching-shui asingemwacha mama yake peke yake.”

“Na sasa?”

“Sasa kila sikukuu nakuona chini ya taa hii. Unachota supu, yeye anakupokea bakuli. Mimi narudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma.”

Pi-yun akamwekea tupa mezani. Marehemu aliizima taa, akasubiri ipoe, akaigeuza, akasugua jina lile mpaka likaisha, Pi-yun mwenyewe akitazama. Alitegemea moyo utatulia. Haukutulia. Njiani alipatwa na wivu mpya: mumewe aliwahi kukaa kwenye meza ile na kuitazama mikono ile ikifanya kazi. Wiki iliyofuata akarudi Beigang kujifunza yote yaliyobaki.

Ching-shui alirejea sikukuu ikiwa imeshapita na supu imekwisha yote. Aliigeuza karabai, akapitisha kidole gumba.

“Nani kaitengeneza?”

“Mimi.”

“Na hapa chini?”

“Mimi pia.”

Tangu siku hiyo alimwachia yeye kuisugua.

Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa fundi. Umeme ulipofika vijijini, wengine walitupa karabai zao. Yeye aliziokota, akazifufua kwa ajili ya mahekalu na watu wapendao vitu vya kale, hadi macho yalipomchoka mwaka 2015.

Mumewe alifariki mwaka 1999. Marehemu alinunua sehemu mbili katika jumba la kuhifadhia majivu ya wafu, kulia na kushoto kwa mumewe, na hakueleza sababu. Mwaka 2018 moyo ulianza kudhoofika. Februari mwaka huu alilazwa, na Pi-yun, sasa mjane wa miaka themanini na minne, akaja kumjulia hali.

“Nimenunua pande zote mbili,” marehemu alimwambia.

“Najua,” Pi-yun akajibu. “Nilikwenda kuuliza mwaka 2000. Wakaniambia umeniwahi.”

Walicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Marehemu aliaga dunia siku nne baadaye, tarehe 2 Machi 2021, alfajiri.

Ameacha mtoto wa kiume, Wu Chia-hung. Wa kike, Wu Mei-chu. Wajukuu watano na vitukuu wawili. Upande wa kulia wa mumewe, kwa agizo lake, utabaki mtupu. Mama, lala salama. Hakuna atakayepita hapo.