Kiondo cha Pambazuko: Maisha ya Simeon Khamala Murunga (1936–1983)

Yanasomwa na dada yake, Sella, hapa Kawangware, Ijumaa tarehe 9 Desemba 1983, kabla ya safari ya kwenda Chwele

Mchungaji ameniomba nisome haraka kwa sababu basi la Bungoma linangoja. Nitajaribu. Lakini marehemu hakuwa mtu wa haraka, na leo ni siku yake, kwa hiyo wenye basi watatuvumilia.

Simeon Khamala Murunga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1936 huko Chwele, Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Nyongesa Murunga na Mama Nasipwondi, ambao wote wametangulia. Alizaliwa mdogo na akakua mdogo. Mimi ndiye niliyemfuata, na nilipofika miaka kumi na miwili nilikuwa tayari nimempita kwa kichwa kizima. Mama alimsukumia ugali kila jioni, naye aliumaliza wote, lakini urefu ulikataa kuja. Nayasema haya kwa heshima, maana yeye mwenyewe alipenda kuyasema kabla mtu mwingine hajayasema.

Alisoma shule ya misheni pale Chwele hadi mwaka 1953, kisha akaingia shule ya ufundi Kakamega, akatoka mwaka 1956 akiwa fundi wa mitambo. Huko Kakamega ndiko alikokutana na mpira wa kikapu. Kwa kuwa ringi ilikuwa mbali naye kama mbingu, wenzake walimpa kazi moja tu: kuwatafutia wao mpira na kuwapa. Aliniambia kazi ile ilimfundisha kuangalia watu. Naamini, kwa sababu hata nyumbani alijua nani ana njaa kabla mwenyewe hajafungua mdomo.

Januari 1958 aliingia Nairobi, akaajiriwa kutengeneza mitambo ya kufuma katika kiwanda cha blanketi cha Pambazuko, Industrial Area. Alipanga chumba Laini Saba, akawa anafuata reli kwa miguu hadi kazini. Baadaye alihamia Kianda, na mwaka 1971 akaja hapa Kawangware, ambapo wengi wenu mlimjua.

Alifunga ndoa na Wayua, binti Mzee Kavoi wa Kangundo, tarehe 12 Desemba 1964, katika kanisa letu kule Kibera. Ilikuwa siku ile ile nchi yetu ilipogeuka jamhuri, kwa hiyo nusu ya wageni walikwenda kutazama gwaride na kurudi wakati wa kula. Baba hakuwa amefurahi. Alitaka mkwe atakayeongea naye Kibukusu. Lakini Wayua alipofika Chwele mara ya kwanza alipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe ya kwao Ukambani, Baba akala sahani mbili, kisha akauliza kama chunguni kumebaki kitu. Hapo tukajua mambo yamekwisha. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa nifike kwenye mpira, maana najua hawa dada warefu waliojaa viti vya nyuma hawakuja kusikia habari za muthokoi.

Kampuni ilianzisha timu ya wanawake ya mpira wa kikapu mwaka 1970. Wachezaji waliandikwa kazi ili wacheze. Asubuhi walikunja blanketi, mchana walikwenda mazoezini, na mshahara ulikuwa wa mpira hasa. Simeon aliitwa kupanda ngazi kurekebisha ringi iliyopinda, na akiwa huko juu akaanza kuwaelekeza waliokuwa chini. Hakuna aliyemkataza. Mwaka 1972 akawa kochi, na 1975 wakachukua kombe la ligi ya makampuni.

Halafu mwaka 1978 kampuni nyingine, ambayo sitaitaja kwa sababu tuko kwenye maombi, iliwachukua wachezaji wake watano bora kwa siku moja. Walibaki Mideva, Wamuyu na wachache waliokuwa wakikaa benchi. Bwana Shiundu, mkuu wa wafanyakazi pale kiwandani, alimwita Simeon akamwambia waziwazi: timu ikishika mkia msimu ujao, inavunjwa, na hao wanawake wanarudi nyumbani, kwa sababu waliajiriwa kwa ajili ya mpira. Simeon alirudi akakaa na chai yake hadi ikapoa. Karibu wachezaji wote walikuwa ni watu wa kulipa kodi ya nyumba na kulea watoto.

Wiki hiyo Wayua alimtuma sokoni kununua kabeji. Lori lilikuwa likishusha mzigo. Aliyekuwa juu alirusha kabeji, na msichana mmoja chini alizidaka, huku na huku, akimpasia mama yake bila hata kumtazama. Simeon akasahau alichotumwa.

"Mama, huyu msichana ni wako?" akauliza.

"Ni wangu. Kwani amekuangushia kabeji?"

"Hapana. Nataka acheze mpira."

Yule mama, Mama Ndinda, akampima kuanzia kichwani hadi viatuni, na hapakuwa na safari ndefu. "Na kabeji atashika nani? Wewe?"

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Wayua hakugomba. Alivaa leso, akaenda sokoni, akaongea na yule mama Kikamba, na kufikia jioni mambo yalikuwa sawa: Ndinda, mwenye umri wa miaka kumi na minane, angecheza, mradi Wayua mwenyewe awe anamrudisha nyumbani.

Jamani, yule mtoto alicheza. Alikuwa na mikono ya kufika popote. Simeon aliamua kuijenga timu yote upya kumzunguka yeye, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mideva, aliyekuwa mkubwa wao, alisimama katikati ya uwanja akasema, "Kochi, mimi nimechezea hii timu tangu ianze. Saa hii nikuwe mchukuzi wa mtoto wa kabeji?" Akaacha kumpa mpira. Ndinda naye, kwa kiburi cha ujana, akaacha kuuomba. Aliunyang'anya popote alipoukuta na kufunga peke yake. Wakapoteza mechi tatu mfululizo. Bwana Shiundu alianza kuja uwanjani na kusimama mbali, mikono nyuma.

Wakati huo wavu wa ringi ya mazoezi, hii hapa kwenye uwanja wa kanisa, ulikuwa umeoza kwa mvua. Wayua na Mama Ndinda wakajitolea kusuka mwingine kwa mkonge. Wakasuka siku nyingi, wakikataa kuangaliwa, na Jumamosi moja wakauleta umefunikwa. Ulikuwa mzuri, una michirizi ya rangi nyekundu. Simeon akapanda ngazi akaufunga. Ndinda akarusha mpira, ukaingia vizuri kabisa, na ukabaki humo humo.

Wale mama wawili walisuka kama walivyosuka maisha yao yote: walianzia kitakoni. Walikuwa wametengeneza kiondo.

Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Simeon akatazama juu, akamtazama mkewe. "Wayua, sasa mpira utatokea wapi?"

"Na kiondo kilichotoboka umekiona wapi?" Wayua akajibu, naye alikuwa amekasirika kweli.

Wamuyu alikuwa ameshakwenda kutafuta kisu. Kaka yangu akamzuia. Kwanza, alimwogopa mkewe. Pili, alikuwa ameona kitu. Alikata ufito mrefu pale kwenye ua, akaweka sheria: anayefunga anasimama chini ya kiondo na kusema nani alimpa mpira. Aliyetajwa anachukua ufito, anausukuma mpira utoke, na mchezo unaanza upya mikononi mwake.

"Ndinda, nani alikupa mpira?"

"Nilichukua mwenyewe."

"Basi utoe mwenyewe. Bila ufito."

Akaruka, akaruka tena, akipiga kiondo kwa chini, jasho likimtoka, na wenzake wamekaa kwenye nyasi wakipumzika na kumhesabia. Kiondo cha Wakamba hakina mchezo. Wiki nzima alishindana nacho. Wiki iliyofuata alifunga, akasimama pale chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mideva."

Mideva akainuka akachukua ufito. Nilikuwepo siku hiyo, na nilimwona akijitahidi kununa na kushindwa. Mtu akisikia jina lake likitajwa namna hiyo mchana kutwa, hata moyo wa jiwe unalegea. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa akimtafuta yule msichana kwa macho kabla hata hajaugusa mpira. Timu haikushika mkia. Ilimaliza katikati, hakuna aliyerudishwa nyumbani, na kila mwaka wakapanda kidogo.

Aprili 1983 miguu ya Simeon ilianza kuvimba. Madaktari wa Hospitali ya Kenyatta walisema ni figo. Aliendelea kuja uwanjani, akikaa kwenye kiti cha kanisa, hadi Oktoba alipolazwa. Hapo habari zikasambaa kwamba kampuni haioni timu bila Murunga, na msimu ukiisha itaifunga. Maumivu aliyavumilia. Hilo la timu ndilo lililomnyima usingizi. Kila nilipomtembelea aliniuliza habari za timu kwanza, na mimi, dada yake wa damu, nikasubiri zamu yangu.

Fainali ya ligi ya makampuni ilichezwa Jumamosi tarehe 26 Novemba. Dakika ya mwisho Pambazuko walikuwa nyuma kwa pointi moja, na kila mtu alijua Ndinda ndiye atakayerusha. Wapinzani wakamwendea watatu. Kwa mikono ile angeweza hata hivyo. Lakini hakurusha. Alimwona Mideva, pamoja na magoti yake mabovu, amesimama peke yake, akampa, naye Mideva akafunga.

Walikuja wodini na jezi zao za jasho, muuguzi akipiga kelele nyuma yao. Mideva akaliweka kombe kitandani akaanza kusimulia, lakini mgonjwa akainua kidole.

"Nani alikupa mpira?"

"Ndinda, kochi."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Basi timu imepona." Usiku huo alilala vizuri. Alituacha Jumatatu tarehe 5 Desemba, asubuhi, Wayua akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Wayua; watoto, Nyongesa, Ndunge na Mutiso; mimi dada yake; na hao warefu wa nyuma, ambao Wayua ameagiza niwasome pamoja na familia. Juzi Bwana Shiundu alisimama hapa uani akatangaza kwamba timu haivunjwi. Kochi ni Ndinda, na Mideva atakaa naye benchi.

Jana wazee walimuuliza Wayua kama angependa kile kiondo kishushwe, kiende Chwele kikalale na mwenyewe. Alifuta macho akawatazama kama watu wasiojua siku za wiki.

"Kiacheni hapo juu," akasema. "Jumanne kuna mazoezi."

Lala sasa, kaka yangu. Mpira umefika.