Dinah Nyevu na Wimbo Uliokatizwa Mwishoni

Wachungaji, wazee, kina mama na kina baba mliofika hapa Maplewood katika baridi hii, mimi ni Natasha Mbeyu, mtoto wa marehemu, nina umri wa miaka kumi na saba, na nimesimama mahali ambapo kwa desturi angesimama mjomba wangu Naftali, kaka yake marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, lakini mjomba alisema juzi mbele ya kamati, "Soma wewe, si ni wewe ulikuwa ukimsikiliza," akaongeza sharti moja, kwamba nisome bila kuimba, kwa sababu hapa ni kanisani wala si baa, nami nilikubali mbele ya wote, na sitaimba.

Nalisema hili mapema ili mjue ninachokitaka, mama ameacha wimbo mmoja haujaisha, maneno ya mwisho ninayajua mimi, na kabla hajafunikwa udongo leo nataka wimbo huo uishe.

Marehemu Dinah Nyevu Kalume alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kaloleni, Kilifi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Kalume na mama Mbeyu, ambaye mimi nimepewa jina lake, na ambaye alikuwa mwimbishaji wa kifudu, zile nyimbo ambazo wanawake wa Kigiriama huwaimbia wafu wao, hadi alipobatizwa na mhubiri akamwapisha mbele ya watu kwamba hataziimba tena, akaapa, na mume wake alipofariki mwaka 1990 alikaa kando ya maiti amefumba mdomo tangu asubuhi hadi jioni, watu wakasema kweli Mbeyu ameokoka, na mama, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, aliniambia hajapata kuona tena mtu akiteswa hadharani huku watu wakimsifu.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, akaingia sekondari mwaka 1994, akaiacha mwishoni mwa kidato cha pili mwaka 1995, si kwa kushindwa, alikuwa wa nne darasani, bali kwa sababu nyumba iliamua kumsomesha mmoja, na akachaguliwa mjomba Naftali, aliyekuwa amerudia kidato, jambo ambalo mjomba mwenyewe hulisimulia kwenye sherehe kama kichekesho, husema, "Dinah alikuwa na kichwa, lakini mimi nilikuwa na suruali," na hapo watu hucheka, na mama alikuwa akicheka nao.

Alifanya kazi za nyumbani Mtwapa, akasomea uuguzi msaidizi Mombasa na kuhitimu mwaka 2004, kisha akahudumu katika nyumba ya wazee huko Nyali hadi alipoondoka nchini.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Bwana Heri Mwaringa katika kanisa la Kaloleni, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza mvulana, Kalume, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2007 na kufariki mwezi huo huo, naye mama alipoanza kumlilia kwa sauti dada za mume wake walimziba mdomo kwa leso, wakamwambia, "Nyamaza wewe, mtoto wa juzi si maiti ya kukusanyia watu," na wa pili ni mimi, niliyezaliwa tarehe 21 Agosti 2008. Baba alitangulia kuja Minnesota, akatuita, tukafika Saint Paul tarehe 11 Novemba 2016, na mwaka 2018 akahamia Texas kwa familia nyingine, yuko hai, amearifiwa, ameandika kwenye grupu "poleni sana" na kuweka picha ya mshumaa.

Mwezi Februari 2019 mama alianza kazi ya kumhudumia Bi Nuala Folan, mjane wa miaka tisini, mzaliwa wa Saint Paul mwenye asili ya Ireland, aliyekuwa ameanza kuyasahau majina ya watoto wake mwenyewe lakini hakusahau nyimbo alizofunzwa na bibi yake kwa Kiairishi, lugha ambayo watoto hao hawakuijua, wao walijua tu kuvaa kijani kwenye sikukuu ya Waairishi mwezi wa Machi, na kwa kuwa mama alikuwa akifika na mimi siku za Jumamosi, mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu.

Bi Nuala alitueleza, siku kichwa chake kilipokuwa kimetulia, kwamba nyingi ya nyimbo zile za zamani hazina mwenyewe anayejulikana, zilitungwa na watu wasioandika, wakulima na wavuvi waliolima ardhi ya wenye mashamba wa Kiingereza, zikapita mdomo kwa mdomo, kila mwimbaji akizibadilisha kidogo, na kwamba baadhi zilitokana na maombolezo ya wanawake, kwani zamani huko Ireland mtu akifa wanawake walikaa kando ya maiti na kuimba sifa zake na hata kumgombeza kwa kuwaacha, mpaka mapadri wakaja kuwakataza, wakawaita wapagani, na inasimuliwa kwamba wapo waliowafukuza makaburini kwa mjeledi. Mama aliposikia hayo aliacha kukunja shuka, akauliza, "Na wakanyamaza?" na Bi Nuala akajibu, "Wakajifanya wamenyamaza."

Ndipo akamfundisha wimbo ule, na desturi zake tatu, ya kwanza kwamba anayeimba aeleze kwanza wimbo umetoka wapi, ya pili kwamba msikilizaji amshike mwimbaji mkono na kuuzungusha polepole, kama mtu anayezungusha jiwe la kusagia, ili asiwe peke yake, na ya tatu kwamba maneno ya mwisho hayaimbwi, yanasemwa tu, kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema na mtu jikoni, kwa sababu wimbo ambao maneno yake ya mwisho hayajasemwa, alisema Bi Nuala, bado uko nje unatafuta mlango.

Wimbo wenyewe, kama alivyosimuliwa na bibi yake, ulitungwa huko Connemara wakati wa njaa kuu, mwaka 1847, viazi vilipooza mashambani huku nafaka ikipakiwa melini kwenda kuuzwa, na aliyeutunga ni mwanamke aliyetolewa katika kibanda chake pamoja na mtoto wake mchanga, mtoto akamfia njiani, padri akamkataza kumlilia kwa sauti kaburini, akarudi kwa watu waliompa hifadhi, akaketi kusokota sufu, akaanza kuimba, na kwa kuwa alikuwa akiimba na mikono inafanya kazi hakuna aliyeweza kusema kwamba analia. Bibi yake Bi Nuala aliuleta huku akiwa mtoto, mwaka 1880, katika zile familia za Connemara zilizoletwa magharibi ya Minnesota, zikapewa nyika ambayo hazikujua kuilima, theluji ikazikuta ndani ya vibanda, na Waairishi wenzao waliotangulia mjini wakaona haya, wakasema hawa ni wavivu, wanatuchafulia jina, na hata waliposhuka Saint Paul na kujenga bondeni kando ya kijito cha Phalen waliendelea kuchekwa na watu wa lugha yao wenyewe. Sehemu hiyo mama aliipenda kuliko zote, alikuwa akiirudia tukiwa kwenye gari, anasema, "Unaona, Tasha, si sisi tulioanza."

Bi Nuala alifariki tarehe 6 Mei 2022, na siku ya kumuaga mama alivaa nguo yake nyeusi, tukaenda aimbe kama alivyokuwa ameombwa na mwenyewe, lakini mwanawe Bi Nuala alitukuta mlangoni, akamshika mama bega, akamwambia kwa upole kwamba wanamshukuru sana kwa huduma yake, ila sehemu hii ni ya familia peke yake, basi tukarudi kwenye gari, mama akawasha hita, akauimba wimbo wote huku vioo vikipata ukungu, mimi nikiuzungusha mkono wake, akayasema maneno ya mwisho, akafunga mkanda, tukaenda zetu nyumbani Frogtown.

Mwezi Februari mwaka 2023, katika msiba wa mzee Muriuki huko Maple Grove, mama aliombwa atoe chochote kilichoko moyoni, akaeleza wimbo ulikotoka, akauimba, na alipofika mwisho, akiwa anataka kuyasema yale maneno bila kuyaimba, kijana mmoja nyuma alidhani amesahau sauti, akapiga kelele, "Betri imekufa!" ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wafiwa, na mke wa mjomba, anti Lynette, aliyekuwa akirekodi video, akaituma kwenye grupu, na tangu siku hiyo mama hakuitwa tena Mama Natasha, aliitwa Dinah Betri.

Wengi wenu mlioko hapa mnajua kilichofuata, kwani mlikuwapo, kila harambee, kila arusi, kila pati ya mtoto kumaliza shule, mliita, "Dinah Betri, hebu tuimbie ile ya Wazungu wako waliokufa njaa," naye alisimama, akaeleza, akaimba, na ninyi mlikuwa mmekwisha kujua mahali pa mwisho, mlihesabu kwa vidole juu, na kabla hajafungua mdomo kusema mlipaza sauti wote pamoja, "Betri!" kiasi kwamba kwa muda wa mwaka mmoja na nusu aliimba mbele yenu na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia maneno ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini anakubali, nilimwambia mama usiende, wanakucheka, akanijibu, "Nisipoenda hawataniita popote, na isitoshe, siku moja watasahau kupiga kelele."

Hamkusahau.

Tarehe 17 Septemba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na mwezi Novemba mwaka huo mimi niliacha shule nikiwa darasa la kumi na moja ili nimhudumie, kabla ya kuacha nilikwenda kwa anti Lynette kuomba tusaidiane walau siku za mtihani, akaniambia, "Natasha, si wewe uko tu nyumbani, sisi tuko na shifti," na mjomba akasema shule haikimbii, na mama, lazima niseme kweli kwa kuwa hii ni historia yake, mama naye hakunizuia, aliniambia shule anaipenda kuliko mimi ninavyoipenda, lakini yeye anakufa sasa.

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 2 Januari 2026, na alasiri ya tarehe 8 Januari, akiwa na nguvu ambazo daktari alisema hakuzitarajia, alinipa mkono wake, akaeleza wimbo ulikotoka, kwa kifupi, akaanza kuuimba chini chini, nami nikauzungusha mkono, na alikuwa amefika ubeti wa mwisho mlango ulipofunguliwa wakaingia mjomba na kamati ya maombi, mjomba akasema, "Dinah, acha vichekesho, huu ni wakati wa kutubu," nikamwambia, "Mjomba, tafadhali, yamebaki maneno machache tu," akaniambia, "Wewe mtoto, toa huo mkono," akaushika yeye, wakaanza tenzi, wakaimba kwa nguvu, wakaomba kwa zamu, na niliona midomo ya mama ikijaribu, na aliyekuwa akiomba wakati huo alipoiona akapaza sauti zaidi, akidhani anatubu, na waliposema amina mama alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, ambao hawakumcheka. Namshukuru jirani yetu wa chini, Mama Ntwali, ambaye hakuwa ndugu wala wa nchi yetu, alipanda ngazi kila jioni na sufuria, akiniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Ukule kwanza, mwanangu, kulia haiende popote, itakungoya." Nawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu waliobeba zamu zake. Nawashukuru vijana waliokaa na mashine makaburini tangu jana kulainisha udongo ulioganda. Namshukuru anti Lynette kwa ile video, kwa sababu ndiyo pekee niliyo nayo yenye sauti ya mama akiwa mzima, kicheko chenu kimo ndani yake, nimejaribu kukitoa, hakitoki, kwa hiyo nitaishi nacho, nikitaka kumsikia yeye itanibidi niwasikie na ninyi. Namshukuru mjomba kwa kunipa nafasi hii na kwa sharti lake, kwani maneno yaliyobaki hayahitaji kuimbwa.

Ni maneno ya yule mwanamke wa Connemara kwa mtoto wake, na mama aliniambia kwamba yeye kila mara aliyasema kwa Kalume wake wa mwezi wa Oktoba, na leo mimi nayasema kwake, kwa Kiswahili, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa. Mwimbaji anapofika hapa hunyamaza kidogo kabla ya kusema, nami nitanyamaza, na hapa ndipo mahali penu, mnapajua, anayetaka kupiga kelele ya betri na apige sasa.

Lala wewe, mimi nitakesha.

Wimbo umeisha, mama. Pumzika kwa amani.