Shamba Lisilotifuliwa

Basi la kwenda mji wa Minot lilijaa wakulima wa ngano waliokuwa wakienda kwenye semina ya majira ya baridi. Marlys, mkulima mwenzao, alitega sikio. Mbele yake, mzee mmoja alikuwa akimhoji mama aliyeketi naye. "Eti hukutifua shamba kabisa?"

"Nilipanda juu ya mabua ya mavuno yaliyopita, mzee wangu. Mume wangu kaninunia mpaka leo."

"Magugu je?"

"Yalinitesa. Lakini upepo wa Mei haukunichukulia udongo."

Mzee alitazama mashamba dirishani. Udongo wake lazima ulihamia kwa jirani, aliwaza Marlys, kama wetu.

Basi likasimama Minot. Mzee hakuinuka. "Hebu niambie, mama. Siku ya kwanza, mumeo ulimwanzaje habari hii?"

Marlys akafungua vifungo vya koti, akaanza kuvifunga upya, polepole, ili jibu lisimpite.