Nani Kafagia Mavi ya Punda?

Kijiwe chetu kiko kwenye kona nyuma ya ukuta wa chuo cha udaktari, hapa Amu, pale ambapo punda akikutana na punda lazima mmoja arudi kinyumenyume. Baraza ni la mawe, limekaliwa mpaka likang'aa, na Barka humimina kahawa tungu kutoka dele lake la shaba. Mimi ni Yunusi, mshona kofia za viua, zile za kudariziwa kwa mkono, na hapa naitwa Sindano. Wanasema si kwa kazi, ni kwa ulimi. Waseme. Kulia kwangu hukaa Ubaid, tumwitaye Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia. Kushoto ni Bwana Ndirangu, polisi mstaafu wa kutoka Nyeri, aliyeletwa huku kwa uhamisho akakataa katakata kurudi. Huyo ni Afande mpaka kufa. Na pale pembeni, kimya leo kuliko ukuta wenyewe, ni Taha, mwenye punda wengi kuliko mtu yeyote mtaa huu, ndiyo maana tumempa Uwaziri wa Uchukuzi. Asubuhi hii kijiwe kilikuwa na habari moja tu: mavi ya punda yametoweka.

— Yameibiwa, nawambia! alisema Redio. Nimetoka msikitini alfajiri, nimeishuka ndia yote mpaka langoni mwa chuo, sikuona hata kipande. Ndia nyeupe! Tangu nizawe sijaona.

— Na wewe huenda swala ukitafuta mavi? nikamuuliza, baraza likaangua kicheko.

— Teka, Sindano, teka. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo methali imeingiaje hapa?

— Itaingia tu. Ipe nafasi.

Mtu asiyetujua atashangaa wazee wazima wanalilia mavi. Basi yana maana. Chuo hiki ni tawi tu, kampasi kuu iko bara. Mwaka jana wakubwa wa huko walikuja wakakuta jenereta linanguruma chini ya dirisha la wodi, takataka zinachomwa shimoni na moshi wake unaingia mpaka kwenye vyungu vya majirani, na mafuta ya kuletwa kwa boti yamekula bajeti yote. Wakatoa mwaka mmoja: mjirekebishe, la sivyo tawi lifungwe na wanafunzi wahamie bara. Wanafunzi wakajifunga vibwebwe. Shimo la moto wakalifukia, sola wakazipandisha paani, na Mardhiya, binti wa huyu huyu Taha, akaja na lake: tangi la gesi ya mavi ya punda, moto wake uchemshe vyombo vya upasuaji na upike chakula cha wagonjwa. Kila asubuhi anatoka na wenzake, koti jeupe mwilini, karai mkononi, wanaokota. Kijiwe hiki kilicheka mpaka mbavu zikauma. Leo kamati ya bara imeingia kukata shauri. Na Mardhiya bara hawezi kwenda, kwa sababu mamake haoni tena na anayemshika mkono ni yeye. Chuo kikiondoka, udaktari wake umekwisha.

Afande akakohoa, kile kikohozi chake cha kufungua kesi.

— Mimi hii maneno nimeichunguza. Hapa kuna makateli. Kuna mtu anauza.

— Anamuuzia nani? nikauliza.

— Si hao wa hoteli za kule Ras Kitau? Watalii wanataka ukuta wa kiasili. Unapaka mavi, unalipisha chumba mara mbili.

— Afande, ukuta wa Amu ni matumbawe na chokaa. Nani kakwambia hupakwa mavi?

— Kwetu tulikuwa tunapaka.

— Basi wakaibe kwenu!

Barka akainamisha dele, akajaza kikombe cha Afande, kisha akashusha sauti.

— Mimi nahisi ni jini. Kabla ya adhana nilikuwa napuliza makaa yangu, nikasikia huko ndiani shaa, shaa, shaa.

— Hiyo ni sauti ya fagio, Barka.

— Ee. Jini kashika fagio.

— Majini hufagia tangu lini?

— Kuna wasafi na kuna wachafu, Sindano. Wana kabila zao kama siswi.

Taha akapaliwa na kahawa. Tukampiga mgongo, akatulia. Mimi nilidhani ni wasiwasi wa mwanawe, nikamwacha.

Redio hapo akapata mawimbi.

— Nyote hamna akili. Hii ni kazi ya kampasi kuu! Wametuma spidiboti imezima taa, watu wenye glavu, wakazoa mavi yote ili moto uzime mbele ya kamati. Tena hawayatupi, wala. Wanayapeleka kwao. Kwani mavi ya punda wa Amu ni mavi ya hivi hivi? Punda wetu hula maganda ya maembe na makaratasi ya ofisi za serikali. Hayo ni mavi yenye elimu!

— Ubaid, mche Mungu.

— Au basi punda wenyewe wamegoma. Wamesikia kilo ya mavi yao ina heshima siku hizi, wakasema hatutoi bure. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni! Wazee walinena fadhila ya punda ni mashuzi, wakidhani wamemtukana. Kumbe walikuwa wanatabiri gesi!

Hapo hata mimi, na hasira zangu zote, nilicheka sindano ikaniponyoka. Afande alikuwa anapangusa machozi kwa leso. Kisha akaikunja leso ile, akaitia mfukoni, na uso wake ukabadilika.

— Lakini wazee, tuache mchezo. Tangi hulishwa kila asubuhi, sivyo? Leo halikulishwa. Sasa moto utawaka aje?

Barka akaliweka dele chini, asimimine tena.

— Gari bila petroli haiendi, akaendelea Afande. Hao wakubwa wamekuja na boti ya asubuhi. Saa hii wamesimama mbele ya jiko. Msichana anawasha, hakuna kitu. Wanafunga mafaili, wanaenda.

Tukamtazama Taha.

— Ni mimi, akasema.

— Ni wewe nini?

— Nimefagia mimi.

Nikamuuliza kama amerogwa. Akakiweka kikombe barazani, akatutazama mmoja mmoja, na mato yake yalikuwa mekundu.

— Wageni waya leo kutoka bara, Yunusi. Wakubwa wa watu. Nikawaza, watashuka gatini, watapita ndia hii, na mtu wa kwanza kumuona ni mwanangu, kainama katikati ya ndia na karai la mavi. Na nyinywi hapa barazani mwamteka, kama kila siku. Nikasema la, si leo. Leo mwanangu hainami. Nikatoka na fagio kabla ya adhana, nikafagia toka zizini kwangu mpaka langoni kwao, nikayatia tengani, punda akayapeleka shambani kwa shemeji yangu.

Kwa desturi ya mui huu mgeni akija hufagiliwa ndia, hilo mtoto mdogo anajua, na Taha alifanya la kiungwana. Lakini lile neno lake la kwamba twamcheka mwanawe lilitupata sote.

— Sisi tulikuwa tunafanya mzaha tu, Waziri, Afande alisema kwa sauti ndogo.

— Mzaha wenu mimi nalala nao.

— Subhanallah, Taha! Redio akashika kichwa. Umemzimia mwanao moto kwa mkono wako!

— Wadhani sijui? Nimelijua sasa, Afande aliponena. Jana kaniambia, baba, ndoo kesho uone nikiwasha. Nikamwambia n'na punda wa kupakia. Uongo, sina hata punda mmoja wa kupakia leo. Naogopa, Ubaid. Naogopa kumuona akianguka mbele ya watu.

Maskini, mwanamume mzima na mvi zake, analia kwenye baraza la watu. Redio hakulistahimili jambo hilo, akaruka juu.

— Bado kuna wakati! Tuswage punda wote wa mtaa mpaka langoni mwa chuo, wajisaidie pale pale!

— Punda hajisaidii kwa amri, nikasema.

— Tuwape halua! Halua na maji ya moto, haikai tumboni!

— Nani atakubali halua yake apewe punda?

— Mimi natoa, akasema Afande, ameshasimama, anafunga mkanda. Kila mtu na punda wawili. Barka, wewe funga kona ile. Tutafanya kama operesheni.

Na wallahi tungefanya. Barka alishaacha makaa yake, mimi nimeshavua miwani. Lakini kabla hatujapiga hatua, ng'ambo ya ukuta wa chuo pakatoka vigelegele. Kimoja kwanza, halafu kumi, halafu wodi nzima, na juu yake sauti za vijana wakipiga makofi na karai.

Taha akashika ukuta.

Mara Mardhiya akachomoza konani mbio, koti jeupe, buibui inampepea chini ya koti, anacheka na kulia kwa pamoja. Nyuma yake mama mmoja wa makamo, mnene, miwani shingoni, anahema kwa kufuata miguu ya msichana. Alikuwa Daktari Bochaberi, mwenyekiti wa kamati ya bara.

— Baba! Mardhiya akapiga ukelele toka mbali. Twabaki! Twabaki Amu! Tawi haliendi popote!

Niseme nini? Barka alipiga dele kwa kijiko kama ngoma. Afande alipiga saluti, sijui kwa nani. Redio alitoa takbiri tatu za nguvu mpaka madirisha ya juu yakafunguka, watu wakadhani mwezi umeandama. Mimi nilimkumbatia mtu, na nilipomwachia nikakuta ni muuza mkate aliyekuwa anapita zake. Mui huu umezoea kuambiwa kila kitu kizuri kiko bara, na leo kizuri kimebaki.

Lakini Afande ni polisi mpaka furahani.

— Binti, ngoja kidogo. Moto umewakaje na mavi hamkuokota?

— Twalikuta ndia safi, Afande, hatukuokota kitu.

— Sasa?

Mardhiya akacheka mpaka akashika kiuno.

— Kwani tangi ni jiko la kuni? Lilichokula leo halikitoi leo. Hukaa nacho kikachacha polepole. Moto wa leo ni wa mavi ya mwezi uliopita! Lingefunga siku nzima kama nyinyi Ramadhani na bado lingewaka.

— Nilijua! akasema Redio. Haraka haraka haina baraka!

Ilikuwa methali yake ya kwanza kufika mahali pake tangu nimjue. Nilimpongeza.

Daktari Bochaberi alikuwa amepata pumzi. Barka akampa kikombe, akanywa, akakunja uso kwa utungu wa kahawa, akaomba cha pili.

— Wazee, mimi nimekaa kwenye ile wodi, akasema. Mwaka jana nilikuwa napiga kelele kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, kwa sababu ya jenereta. Leo nimesikia mtoto mchanga akipumua. Vyombo vimechemka sawasawa, na chai nimepikiwa kwa moto huo huo. Nimewaambia wenzangu, hatuhamishi mtu. Muhula ujao tunaleta wanafunzi wa kampasi kuu hapa, wafundishwe na hawa.

— Bara wanakuja Amu kusomea mavi! Redio akanong'ona, na machozi yakamtoka waziwazi.

Mardhiya akamshika daktari mkono, akamvuta mpaka pembeni ya baraza.

— Daktari, huyu ndiye babangu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Taha, kiganja kifuani.

— Huyu msichana wako alikuwekea kiti mbele kabisa. Kila tulipomwambia awashe, anasema tungoje kidogo tu, babangu yuaja. Tukangoja. Mwisho akawasha kiti kikiwa kitupu. Mzee, mbona hukuja?

Aliuliza kwa upole, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza hali ya hewa. Nikamtazama Afande, Afande akatazama viatu vyake. Barka akajifanya anachochea makaa ambayo hayakuwa na shida yoyote. Na mimi, mwenye neno la kila mtu, nikainama kutafuta sindano iliyoniponyoka. Mardhiya alikuwa ameinamisha uso, anasubiri naye.

Taha akasimama, akakaza kikoi. Akauangalia mkono wa koti lile jeupe, ulikuwa na doa la samadi ya kijani lisilotoka hata kwa sabuni, akaweka kidole chake juu ya lile doa mbele yetu sote.

— Moto bado wawaka?

— Bado, baba.

— Tangulia, mwanangu. Nikuone.