Chediel Kitundu, Aliyelitua Bomba la Dawa Kutoka Mgongoni mwa Watu

Ndugu, majirani, watumishi wa Mungu na ninyi nyote mliopanda na kushuka milima kuja kutufariji, familia imenipa nafasi ya kusoma maisha ya kaka yetu. Mimi ni Damari, kitinda mimba wa mama yetu. Nikikwama mahali mnivumilie.

Marehemu Chediel Melkizedeki Kitundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika kijiji cha Kinampanda, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Melkizedeki Kitundu na Mama Lea, ambao wote wametangulia mbele za haki. Baba alilima mtama na uwele. Maji yalikuwa mbali, bondeni, na mama aliyabeba kichwani. Chediel bado mdogo alimtengenezea kigari cha mbao ili asibebe tena. Siku ya kwanza kigari kiliporomoka mtelemkoni, mtungi ukavunjika, na mtengenezaji akachapwa. Kesho yake alikuwa nyuma ya nyumba anakiwekea breki.

Alisoma katika shule ya msingi ya hapo Kinampanda kuanzia mwaka 1957 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1964. Kisha alijifunza ufundi wa mitambo Dodoma kwa miaka miwili. Masomo ya darasani hayakumpenda sana, naye hakuyabembeleza, lakini mikono yake ilielewa chuma upesi.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa fundi katika kiwanda cha kuchambua pamba mkoani Shinyanga. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na minane, katikati ya vumbi la pamba lililokuwa likiwashukia mafundi kama unga. Waliporudi likizo tuliwajua kwa kikohozi. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, ushirika ulishindwa kukiendesha kiwanda, na mwaka 1995 mafundi wote walipunguzwa. Kaka alirudi Iramba, akaanza kulima pamba uwandani hapa Shelui, yeye na mkewe.

Alifunga ndoa takatifu na Rahel tarehe 7 Septemba 1974, Kinampanda. Watu wa siku ile wanakumbuka kwamba lori lililobeba kwaya liliharibika njiani, na bwana harusi akaingia chini yake na suti yake. Wifi yangu hupenda kusema aliolewa na mtu anayenuka oili, na kwamba hakuwahi kunuka kitu kingine. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa nieleze jambo ambalo wengi mmelijia hapa leo.

Miaka ile ya kwanza ya soko huria kila mtu aliuza dawa ya pamba. Mlikuwa mkiinunua mnadani kwenye chupa za soda, haina jina wala maelekezo. Mwezi wa Februari 1997 kaka alikuwa ameshikwa na homa, na wadudu walikuwa wameingia shambani. Rahel akajitwika bomba mgongoni, akaenda kupiga dawa peke yake. Bomba lilikuwa linavuja. Jirani yetu Mzee Alute ndiye aliyemkuta amelala kwenye matuta, jasho linamtiririka, mate yanamtoka, na mwili unatetemeka. Walimpandisha mlima kwa lori la mahindi hadi hospitali ya Kiomboi. Walimwokoa. Lakini mikono yake haikutulia tena. Hadi leo hawezi kumimina chai bila kuimwaga.

Kaka alikaa naye wodini. Aliporudi nyumbani kuchukua nguo nilimkuta amelipindua lile bomba uani, analitazama.

"Damari," aliniambia, "hili bomba halibebwi tena na mtu wa nyumba hii."

"Sasa pamba utaipigaje dawa, kaka?"

"Litajibeba."

Nilidhani ni uchungu tu unasema.

Alitafuta magurudumu ya baiskeli, vyuma vya kitanda na mota mbili za kufutia kioo cha lori, akachukua na betri ya gari. Aliunda kitu kirefu chenye miguu mirefu, ili kipite juu ya pamba bila kuivunja. Bomba akalifunga juu yake. Gurudumu lilipozunguka lilisukuma mpini wa bomba, na dawa ikatoka. Mtu alisimama mbali, upande upepo unakotoka, ameshika kibao chenye swichi mbili kilichounganishwa na waya mrefu. Akizima mota ya kulia, mashine inakata kona kulia. Akizima ya kushoto, inakwenda kushoto. Mwalimu mmoja alisema vitu vya namna hiyo huitwa roboti. Rahel alikataa jina hilo. Alisema, "Kinachonisaidia kazi ya mume wangu ni shemeji." Na Shemeji ndilo jina lililobaki.

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza swichi iling'ang'ania, na Shemeji akavuka mpaka, akaingia shambani kwa Mzee Alute, akazilaza pamba za watu akielekea barabarani. Mzee Alute alikuwa anamkimbiza na fimbo, anafoka, "Chediel! Mfunge huyu mnyama wako!" Mzee yuko hapa, naye ataniwia radhi. Udongo mweusi ukilowa magurudumu yalizama, na tulikuwa tunamvuta kwa kamba. Kaka aliongeza upana wa magurudumu, akabadilisha swichi, akaanza tena. Alijaribu kwa maji matupu msimu mzima kabla hajaruhusu dawa iingie.

Lakini kulikuwa na watu waliokuwa wakiishi kwa kupiga dawa mashamba ya wengine. Waliona mashine ile inawaondoa mezani. Asubuhi moja mwaka 1999 kaka alikuta waya umekatwa vipandevipande. Kila mtu alijua ni Simeoni, mmoja wa wapiga dawa hao, maana alikuwa ametamka hivyo kilabuni. Watoto wa kaka walitaka kwenda kwa mtendaji. Kaka alisema atakwenda mwenyewe kwa Simeoni, akaniambia nimfuate ili asije akakasirika.

Tulimkuta Simeoni mlangoni kwake, macho mekundu yanatoa machozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Waya wangu umeukata wewe?"

Simeoni hakukana. "Ni mimi. Wewe una shamba, mzee. Mimi nina huu mgongo tu. Shemeji wako akizunguka kijiji kizima, wanangu watakula nini?"

Kaka alitazama shati lilivyomganda mabegani. Nilimwona anameza hasira. Kisha akasema, "Hebu vua shati."

Simeoni alivua. Jamani, ngozi yake kuanzia mabegani hadi kiunoni ilikuwa imebabuka, sehemu nyingine mbichi kabisa. Mkewe alianza kulia.

"Mke wangu alilibeba siku moja tu," kaka alisema. "Wewe umelibeba miaka mingapi?"

"Tangu ushirika ulipokufa."

"Basi njoo kesho tuunganishe waya. Halafu wewe ndiye utamwendesha Shemeji. Wenye mashamba watakulipa wewe, kama walivyokuwa wakikulipa. Isipokuwa utakuwa umesimama mbali."

Simeoni alikuja. Walikaa wawili uani wanaunganisha waya. Siku ile walisemeshana kidogo sana, lakini kuanzia hapo hawakuachana. Walitengeneza mashine ya pili, ikawa ya Simeoni. Ya tatu ilikwenda kwa wajane wa kijiji jirani. Hazikuzidi hapo. Vipuri vilikuwa vigumu kupatikana, na wageni waliokuja kuzipiga picha na kuahidi msaada hawakurudi. Kaka aliumia kwa hilo, sitaficha. Lakini katika mashamba ambako zilipita, hatujapandisha tena mtu Kiomboi kwa sababu ya dawa.

Kuanzia mwaka 2001 afya yake ilianza kushuka. Alikohoa, akaishiwa pumzi hata kwa kuvuka uwanja. Alitibiwa Kiomboi na baadaye Dodoma, ambako madaktari waliona mapafu yamechakaa kwa vumbi la miaka ya kiwandani. Aliyewapunguzia wengine sumu alikuwa ameondoka kazini na ya kwake kifuani. Hakulalamika. Alisema kule kiwandani hakuna aliyewaza kuwatengenezea shemeji.

Jumatatu iliyopita alikuwa dhaifu sana. Simeoni na Rahel walirudi kutoka shambani, naye akauliza kwa sauti ndogo:

"Mmepiga dawa?"

"Tumemaliza," Rahel alijibu. "Leo nimemwendesha mimi."

"Na hiyo mikono?"

"Swichi haihitaji mkono uliotulia. Nilikaa kivulini kwenye kiti, nikabonyeza."

Kaka alimgeukia mkewe. "Kwenye kiti," alirudia, akacheka hadi tukamwinua apate pumzi. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Machi 2005, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Rahel.

Marehemu ameacha mjane, Rahel, watoto watatu, Asnath, Gervas na Lea, wajukuu wanne, ndugu wawili, mimi na dada yetu Dorkas, na Simeoni, ambaye familia imeomba aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Kaka, umefanya kazi ya kutosha. Bwana akupe pumziko, na pumzi isiyokatika.