Njia Nyeupe ya Mama Upokoina

Kia orana, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Kama una sindano mkononi, endelea kushona, maana leo tunamkumbuka mshonaji.

Mama Upokoina Tearii wa kijiji cha Areora, hapa kisiwani Atiu, ametutoka. Tulimzika Ijumaa. Ni yule Mama Upokoina mkata maua ya tivaevae, mashuka yetu ya kushona kwa mkono. Ndiye aliyetuzwa mwaka jana kule kisiwa kikuu, Rarotonga, pamoja na wachongaji, wapiga ngoma na waimbaji, kwa sanaa ya maisha yao yote.

Lakini tuanze mbali, siku alipokosea.

Alikuwa bibi harusi mgeni. Mama mkwe wake, Mama Ngapoko, alimpa kitambaa chekundu akate ua mbele ya akina mama wote. Mnaijua kazi hiyo. Kitambaa kinakunjwa, hakichorwi, mkasi unafuata kichwa cha mkataji. Upokoina akakata upande wa mkunjo, ule unaoshika ua lisiachane. Kitambaa kilipofunguliwa, ua halikuwa moja tena. Lilianguka mkekani vipande vinne.

Mama Teina, mmoja wa washonaji, akauliza, "Bibi harusi, hili ni ua, au samaki wa kugawia majirani?"

Walicheka mpaka wengine wakalala chali. Binti yake Upokoina, Tepaeru, anasema, "Mama alikuwa akituambia, 'Nilitaka kurudi kwetu. Kiatu kimoja nilikuwa nimeshavaa.'"

Mama Ngapoko ndiye aliyemshika mkono. "Vua kiatu, mwanangu. Na nyie, ficheni meno. Tandazeni vipande juu ya shuka jeupe. Viachanisheni kidogo. Katikati acheni njia, mtu apite."

Ndivyo ilivyozaliwa ile njia nyeupe. Kila tivaevae aliyoikata baada ya hapo ilikuwa na njia nyeupe katikati. Ukiingia nyumba yoyote hapa Atiu, ukaiona hiyo njia kitandani, huulizi nani kaikata.

Ile nyekundu ya kwanza alilala nayo miaka yote hadi mwaka jana. Ndiyo iliyotundikwa siku ya tuzo, ukutani kwenye jumba la maonyesho la Rarotonga. Wenye jumba wakaomba ibaki kwao. Mama Upokoina akawajibu, "Nawaazima tu. Nikiihitaji, nitatuma mtu." Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani ni utani.

Jumanne akafariki. Na kwetu mtu halali udongoni bila tivaevae yake.

Tepaeru akasema, "Mama ataondoka na ile nyekundu."

Kaka yake, Nooroa, akakataa. "Dada, ile watu wanasafiri kuja kuiona. Ukiifukia, wajukuu wataona nini? Udongo?"

"Na mama avae nini, Nooroa? Makofi ya ukumbini?"

Walibishana mpaka magimbi yakapoa mezani. Wa jumba la maonyesho nao wakasihi kwa simu. Tepaeru akawarudishia maneno ya mama yake: aliwaazima tu.

Alhamisi ndege ikaileta. Nooroa alikwenda kuipokea, uso umekunjwa. Akafungua sanduku palepale uwanjani. Akainusa. "Bado ina moshi wa jiko letu," akasema. Hakubishana tena. Ijumaa ni yeye mwenyewe aliyemfunika mama yake miguu, akakunja pindo vizuri, kama mtu anayemlaza mtoto.

Lakini swali lake lilibaki. Wajukuu wataona nini?

Juzi Jumamosi, Tepaeru aliwaita akina mama wa kushona. Miaka yote hakuthubutu kukata mbele ya watu. Akakunja kitambaa chekundu. Akashika mkasi wa mama yake. Akakata upande wa mkunjo, kwa makusudi. Vipande vinne vikaanguka mkekani.

Mama Teina, ambaye sasa hana hata jino, akauliza, "Leo tunagawa samaki wa nani?"

Wakacheka, wasikilizaji wapendwa. Wakacheka na machozi yanawatoka, wakatandaza vipande juu ya shuka jeupe, njia katikati, kisha kila mmoja akatunga uzi kwenye sindano.

Kwako Tepaeru, kwako Nooroa, na kwa wajukuu wote, poleni sana. Mungu awashike mkono kama Mama Ngapoko alivyomshika mama yenu. Na wewe unayenisikiliza, tazama shuka lililo kitandani mwako. Kuna mtu alilikata. Kama bado yu hai, nenda ukamwambie ni zuri. Nenda leo, angali anasikia.